Vidole Visivyosomeka

Desemba 2008, mzee wa miaka 62 kutoka Singapore alipanda ndege kwenda Marekani kuwaona jamaa zake. Kwenye kaunta ya uhamiaji akaambiwa aweke vidole juu ya kioo cha mashine, kama mgeni mwingine yeyote. Akaweka. Mashine haikuona kitu. Vidole vyenyewe vilikuwepo vyote, havijaungua, havijakatika, ila ile mistari midogo ambayo kila mtu huzaliwa nayo ilikuwa imepotea. Maafisa wakamweka kando kwa saa nne hivi, mpaka waliporidhika kwamba si hatari kwa usalama wa nchi yao, ndipo wakamwachilia. Wakamshauri kwamba siku nyingine akisafiri abebe barua ya daktari wake wa saratani.

Huyo mzee alikuwa na saratani ya kichwa na shingo iliyokuwa imesambaa. Ilikuwa imeitikia matibabu vizuri, na kwa zaidi ya miaka mitatu alikuwa akimeza vidonge vya kapesitabini ili isirudi. Mwaka wa 2009 madaktari wake waliandika barua fupi katika jarida la Annals of Oncology kuwatahadharisha wenzao. Magazeti mengi yakaichapa kama kituko: ati mtu kapoteza alama za vidole! Watu wakacheka, wakafungua ukurasa mwingine.

Nimeirudia barua hiyo mara nyingi mwaka huu, kwa sababu nina mtu nyumbani anayemeza vidonge hivyo hivyo. Na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba kuna historia mbili zilizokutana kwenye ncha ya kidole. Moja ni ya dawa za saratani. Nyingine ni ya serikali na alama za vidole, na hiyo ya pili sisi Wakenya tuko ndani yake kwa zaidi ya miaka mia.

Nianze na dawa, maana asili yake ni silaha ya kuchoma ngozi.

Julai 1917, karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifyatua makombora yaliyojaa kile kilichokuja kuitwa gesi ya haradali. Askari hawakuhisi mengi mwanzoni. Baada ya saa kadhaa ndipo macho yakavimba na malengelenge makubwa yakaota, hasa kwapani na kinenani, mahali penye jasho. Ukanda wetu nao ulionja. Katika vita vya 1935 na 1936 Waitaliano waliimwaga gesi hiyo kutoka kwa ndege juu ya Ethiopia, juu ya watu ambao wengi walitembea miguu mitupu kwenye nyasi zilizolowa sumu, ingawa Italia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Geneva wa 1925 unaokataza silaha kama hizo. Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva tarehe 30 Juni 1936 akalisema jambo hilo waziwazi. Alisikilizwa, na hakuna kilichofanyika.

Sasa, madaktari waliowapasua askari waliokufa kwa gesi hiyo waligundua kitu chini ya malengelenge. Uboho wa mifupa ulikuwa umekauka na seli nyeupe za damu zilikuwa karibu zote zimeisha. Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka wa 1919 na kukaa tu. Mwaka wa 1942 ndipo Louis Goodman na Alfred Gilman, wataalamu wa dawa katika Chuo Kikuu cha Yale, walipojiuliza: kama kitu hiki kinaua seli nyeupe za mtu mzima wa afya, je, saratani ya seli hizo? Wakachukua binamu wa gesi ile, haradali ya nitrojeni, wakaijaribu kwa panya, halafu Agosti mwaka huo wakamdunga mgonjwa ambaye uvimbe wa shingoni na tayani ulikuwa umemzuia hata kumeza. Uvimbe ukanywea ndani ya siku chache. Kisha ukarudi, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefariki. Kwa sababu ya vita matokeo yalifichwa hadi 1946, lakini kemo ilikuwa imezaliwa.

Kutoka kwa ukoo huo huo ilikuja siklofosfamidi, ambayo katika miaka ya 1960 ilipewa watoto wa Kampala na Nairobi waliokuwa na uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, alikuwa ameuandika mwaka wa 1958. Baadhi ya watoto hao walipona kwa dozi chache tu. Yaani sehemu nzuri ya historia ya kemo duniani imeandikwa hapa kwetu, na sijui kwa nini shuleni hatukufundishwa.

Wacha nirudi kwenye ngozi. Dawa hizi za zamani hazina macho. Zinatafuta seli zinazogawanyika haraka, na mwilini si saratani peke yake inayogawanyika haraka. Vinyweleo pia. Utando wa mdomo na utumbo pia. Ngozi na mizizi ya kucha pia. Ndiyo maana nywele hudondoka, na ndiyo maana kila dawa mpya ilipoingia wodini ilikuja na sahihi yake juu ya ngozi ya mgonjwa.

Sahihi nyingine ni za ajabu kweli. Bleomisini, iliyotokana na vijidudu vya udongoni huko Japani na ambayo Afrika Mashariki imetumika sana kutibu sarakoma ya Kaposi, humwacha mgonjwa mmoja mmoja na mistari mirefu ya rangi nyeusi mgongoni na kifuani, utadhani amechapwa viboko. Madaktari wa Ufaransa waliieleza mwaka wa 1970. Fikiria mgonjwa huyo akivua shati nyumbani mbele ya watu wasiojua. Na mwaka wa 1976 daktari mmoja Mmarekani, William Hrushesky, alieleza jinsi dawa iitwayo 5-FU inavyoweza kuchora mishipa ya damu ya mkono kwa weusi juu ya ngozi, mishipa yote inayopitiwa na dawa, kama ramani ya mito.

Hiyo 5-FU ndiyo mzazi wa vidonge vilivyomkwamisha mzee wa Singapore. Charles Heidelberger wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliitangaza mwaka wa 1957. Watafiti walikuwa wameona kwamba uvimbe wa ini wa panya unapenda sana kiungo kinachoitwa urasili, malighafi ya kujengea seli. Heidelberger akachukua urasili, akaupachika chembe ya florini. Seli ya saratani inaumeza ikidhani ni chakula, halafu mitambo yake ya kujenga inakwama.

Kwa miaka mingi 5-FU ilidungwa kwa haraka na mgonjwa akaenda nyumbani. Kisha zikaja pampu ndogo, dawa ikawa inaingia polepole mchana na usiku, siku nyingi mfululizo. Hapo ndipo mikono ikaanza kulalamika. Mwaka wa 1984 Jacob Lokich na Cery Moore, waliokuwa wakifanya kazi Boston, waliandika kuhusu wagonjwa ambao viganja na nyayo zao zilianza kuwasha na kufa ganzi, zikawa nyekundu, zikavimba, halafu zikababuka. Kulikuwa na taarifa kama hiyo tangu 1974 kuhusu dawa nyingine, lakini hawa wawili ndio walioipa jina la Kigiriki refu ambalo sitakutesa nalo. Wauguzi wengi huiita tu mkono-mguu. Kwa nini viganja na nyayo? Bado wataalamu wanabishana. Wengine husema dawa hutokea kwenye jasho, na viganja vimejaa tezi za jasho. Wengine husema ni msuguano, kwa sababu mikono na miguu ndiyo inayofanya kazi.

Mwaka wa 1998 Marekani iliidhinisha kapesitabini, 5-FU iliyofichwa ndani ya kidonge. Unaimeza, mwili unaigeuza hatua kwa hatua, na hatua ya mwisho hufanywa na kimeng'enya ambacho mara nyingi ni kingi zaidi ndani ya uvimbe. Hakuna dripu, hakuna kulazwa. Asubuhi na jioni baada ya chakula, wiki mbili, kisha wiki moja ya kupumzika, kisha tena. Kwa mtu anayetoka mbali kufuata hospitali, hii ni neema, na sitaki mtu asome makala hii aone ninaisema vibaya dawa hii. Lakini katika majaribio yake, nusu ya wagonjwa au zaidi walipata mkono-mguu kwa kiwango fulani.

Hapa kuna jambo linalonikera. Vitabu vinasema angalia wekundu. Picha ni za viganja vya Wazungu, vyekundu kama nyanya. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani hivyo. Kinachoonekana ni weusi: mikunjo ya kiganja inakoza kama imepitishwa wino, madoa yanatokea kwenye nyayo, kucha zinapata mistari ya kahawia, hata ulimi unaweza kupata mabaka. Halafu ngozi inakuwa ngumu na kupasuka. Mgonjwa anayesubiri wekundu ulioandikwa kwenye karatasi ya maelezo anaweza kusubiri mpaka ashindwe kushika kikombe cha chai.

Na wengine, kama mzee wa Singapore, wanapoteza mistari ya vidole.

Wazo kwamba mistari hiyo haipotei lina wenyewe. Miaka ya 1870 Henry Faulds, daktari mmishonari kutoka Scotland aliyekuwa na hospitali Tokyo, alianza kuchunguza alama za vidole. Yeye na wanafunzi wake walijikwangua vidole kwa wembe, wakasugua kwa jiwe la kusugulia miguu, wakajaribu hata asidi. Ngozi ikapona, na mistari ikarudi ilivyokuwa. Mwaka wa 1880 akaandikia jarida la Nature kwamba alama hizi zinaweza kumtambulisha mhalifu. Mwingereza mwingine, William Herschel, akajibu kwamba yeye alishaanza kuzitumia Bengal tangu 1858, kwenye mikataba na wenyeji. Francis Galton akaandika kitabu kizima mwaka wa 1892. Na polisi wa Bengal wakapata mfumo wa kupanga alama hizo kwenye makabati, mfumo unaoitwa kwa jina la bosi wao, Edward Henry, ingawa hesabu zake zilifanywa na Wahindi wawili waliokuwa chini yake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Stori ya kawaida hiyo.

Angalia mahali wazo hili lilipokulia: koloni. Mtawala asiyeijua lugha, asiyeweza kutofautisha nyuso, na asiyeamini neno la mtu, alipata kitu ambacho mtu hawezi kudanganya nacho. Kutoka India likaja kwetu. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa Kenya mwaka wa 1915, vita vikaichelewesha, na kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, mwajiri, mshahara, na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wapo waliokiita mbugi, ile kengele ya mbuzi. Ukitoroka shamba la mlowezi ungeweza kujiita jina lolote Nairobi, lakini vidole vingekutaja. Harry Thuku alikipinga kipande, na alipokamatwa Machi 1922 watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi, risasi zikafyatuliwa, na Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa.

Mwaka wa 1947 ikaja sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, kwa vidole. Walowezi wakapiga kelele. Ati wao wapakwe wino kama wahalifu! Walipigana mpaka ikapatikana njia nyingine, ya picha na sahihi, kwa wanaojua kusoma na kuandika. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba njia nyingine ilikuwepo siku zote. Ilitegemea anayelalamika ni nani.

Aunti yangu aligunduliwa na saratani ya matiti miaka michache iliyopita. Iliposambaa akaanzishiwa kapesitabini. Alianza kulalamika kwamba simu yake imeharibika, haifunguki kwa kidole. Tukaipeleka kwa fundi, fundi akaijaribu kwa kidole chake, ikakubali. Tukacheka. Wiki chache baadaye tulienda kuchukua dawa za mzunguko mwingine hospitalini, sitaitaja, na pale mapokezi bima ilitaka kidole ndiyo ilipe. Kidole gumba, kikakataa. Cha shahada, kikakataa. Kijana wa kaunta alikuwa mpole, alimpa kitambaa afute mikono, akampa mafuta kidogo.

"Mama, sistimu inakataa," akasema mwishowe.

"Iambie sistimu yako," aunti akamjibu, "dawa iliyonifuta vidole imetoka hapo dirisha la pili."

Foleni ilicheka, na yeye mwenyewe alicheka. Lakini tulikaa pale toka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, tukisubiri msimamizi mwenye ruhusa ya kuipita ile hatua. Kitambulisho alikuwa nacho. Kadi ya kliniki yenye picha yake alikuwa nayo. Muuguzi aliyemjua kwa jina alipita mara tatu akimsalimia. Hakuna kati ya hayo kilichohesabika. Siku hiyo alikuwa na miguu inayouma mpaka amevaa sandali za mpira, na kila alipoitwa kaunta alitembea kama mtu anayekanyaga kokoto za moto.

Yeye si wa kwanza. Mwaka wa 2015 jarida la New England lilichapisha picha ya viganja vya mwanamke wa miaka 65 wa Mexico, mwenye saratani ya matiti, ambaye benki ilishindwa kumhudumia kwa sababu alama zake zilikuwa zimetoweka. Dawa ile ile. Na mwaka wa 2017 watafiti wa Uholanzi walipima vidole vya wagonjwa kabla na wakati wa matibabu, wakakuta jambo ambalo lingemsaidia yule kijana wa kaunta: si lazima mikono iwe imebabuka ndipo alama zipotee. Mtu anaweza kuwa na viganja vinavyoonekana sawa kabisa na mashine isimwone. Kwa hiyo "lakini mikono yako iko poa" si jibu.

Wala si wagonjwa wa saratani pekee. Uliza fundi wa mjengo aliyechanganya simenti miaka ishirini. Uliza mchuma chai Kericho, au cucu yako aliyelima mpaka vidole vikalainika. Mwaka wa 2017, tulipopiga kura kwa vifaa vya kusoma vidole, sheria ililazimika kuruhusu njia ya ziada kwa mpiga kura ambaye mashine haimtambui, na kipengele hicho kilizua vita Bungeni. Upinzani ulihofia kwamba wafu wangepitia mlango huo. Hofu yenyewe haikuwa ya kipuuzi, tukikumbuka uchaguzi tuliotoka nao. Lakini katika kelele zile sikumbuki kusikia mtu akiuliza ni walio hai wangapi wanaohitaji mlango huo, na wako wapi, na kama kuna mtu amewahesabu.

Kinachohitajika si kikubwa. Daktari anayeandika kapesitabini anaweza kuandika pia mistari mitatu ya barua siku hiyo hiyo, kama walivyoshauri wale wa Singapore. Mtu anayekaribia kuanza dawa anaweza kushughulikia pasipoti, laini ya simu na mambo ya benki kabla ya kidonge cha kwanza. Na anayenunua mashine za kusoma vidole kwa ajili ya wodi za saratani, jamani, angewauliza wauguzi kwanza.

Aunti sasa ana barua. Krimu ya urea anapaka asubuhi na usiku, analala na soksi, vyombo havioshi kwa maji ya moto tena, na daktari amempunguzia dozi kidogo. Miguu imepata nafuu. Vidole bado. Nilimwambia nilichosoma, kwamba Faulds alikuwa sahihi kwa namna fulani, kwamba alama zake hazijapotea kabisa, zitarudi zilivyokuwa wiki chache tu baada ya kuacha dawa.

Alinitazama kidogo. Dawa hii ataimeza kwa muda wote itakapokuwa ikifanya kazi, na anajua vizuri maana ya siku ambayo daktari atamwambia aache.

"Basi zikae huko huko," akasema, akarudi kwenye mboga zake.